Ruhusa yenye kunyang'anywa, ruhusa yenye haiondoke: somo la mchezo kwa watu wa kariere

Ndugu wasomaji wa Punia na Kasese, na ninyi wenye muko Kalima, Kailo na Kindu, leo ukurasa huu hautasema juu ya bei ya kasiterite. Mutatusamehe. Leo tunasema juu ya mchezo. Lakini musigeuze ukurasa haraka, maana ndani ya mchezo huo mutakuta mambo yenye munajua kuliko watu wengi: mtu anafanya kazi juu ya udongo wa mwingine, kwa ruhusa ya mwingine. Miaka inapita. Shimo linaanza kutoa. Halafu siku moja mwenye kutoa ruhusa anakuja na karatasi mpya mkononi, na anasema ile ya zamani haina nguvu tena.

Mambo hayo yalitokea Marekani, mwezi wa Januari 2023. Hayakuwa juu ya mawe, yalikuwa juu ya sheria za mchezo. Na kisha siku 22 tu, wadogo walishinda mkubwa. Namna walishinda, na kile walichoshinda, ni jambo lenye kufaa kusomwa hapa kwetu, na zaidi na vijana wenye wanaandika hadisi zao ndani ya kaye za masomo na hawajui waende nazo wapi.

Mchezo gani huo?

Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka 1974, na wenye waliuandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauchezwi kwa mpira, wala kwa televizyo. Watu wanne ao watano wanaikala kwa meza. Mmoja anaongoza hadisi, wengine kila mtu anachukua mtu wa ndani ya hadisi: huyu ni mpiganaji, yule ni mganga, mwingine ni mwizi. Mwongozaji anaeleza kile wanaona, wao wanasema kile wanafanya, na pahali penye matokeo hayajulikane, wanarusha dadu.

Tuutie ndani ya maisha yetu ili tuelewane. Mwongozaji anasema: «Muko ndani ya shimo, chini sana. Torshi ya wa mbele imezimika. Munasikia maji. Munafanya nini?» Mmoja anajibu: «Miye narudia nyuma, naamsha wenzangu.» Mwingine: «Miye nashika kamba, nainua mutoto wa ndugu yangu kwanza.» Wanarusha dadu. Namba ikiwa kubwa, kamba inashika. Ikiwa ndogo, kamba inateleza, na hadisi inaendelea kutoka hapo. Hakuna mtu anajua mwisho, hata mwongozaji.

Kwa hiyo si kitu cha kigeni sana. Wazee wetu walikuwa wanatoa hadisi mangaribi kandokando ya moto, na wasikilizaji walikuwa wanaitikia, wanaimba, wanauliza. Hapa kilichoongezeka ni kwamba msikilizaji anaingia mwenyewe ndani ya hadisi, na kuna sheria zilizoandikwa zenye kusema nani anaweza nini.

Na ni hizo sheria zilizoandikwa njo zilileta vita.

Ruhusa ya mwaka 2000

Kampuni yenye mchezo huo leo inaitwa Wizards of the Coast. Yenyewe iko ndani ya kampuni kubwa zaidi, Hasbro, yenye iliinunua mwaka 1999. Mwaka 2000, Wizards walifanya jambo lenye lilishangaza watu. Walichukua sehemu kubwa ya sheria za mchezo, wakazitoa wazi, pamoja na karatasi ya ruhusa yenye jina la Open Game License, kwa kifupi OGL. Karatasi ilisema: mtu yeyote anaweza kutumia sheria hizi ndani ya kitabu chake, akakiuza, bila kulipa kitu.

Kwa nini kampuni ya biashara itoe kitu bure? Hesabu yao haikuwa ya wema tu. Waliona kwamba kuandika vitabu vidogo vya hadisi kunaleta faida ndogo kwa kampuni kubwa. Waliacha wadogo waandike hivyo vidogo, na kila mtu mwenye atanunua kitabu cha mdogo atahitaji pia kitabu kikubwa cha sheria, chenye wao wanauza. Ni sawa vile mwenye kuuza mapompe anaweza kufurahi kuona mashimo mengi yanafunguliwa: hachimbe, lakini kila shimo lenye maji ni mteja wake.

Mpango ulifaulu. Kwa miaka 22, watu maelfu waliandika vitabu juu ya ruhusa hiyo. Wengine walikuwa mtu mmoja nyumbani na ordinateri yake. Wengine walikuwa makampuni. Kampuni moja, Paizo, ilijenga mchezo wake mzima, Pathfinder, mwaka 2009, juu ya sheria zile za wazi, wakati Wizards wenyewe walikuwa wameziacha na kuandika nyingine. Pathfinder ikakuwa mshindani wa ile ya kwanza. Ruhusa yenye ilitolewa ili kuuza vitabu vya mkubwa ikamuzalia pia mpinzani. Musisahau hilo, maana lilirudi kichwani mwa wakubwa baadaye.

Januari 2023

Tarehe 5 Januari 2023, gazeti la intaneti Gizmodo lilitoa habari ya karatasi mpya yenye kampuni ilikuwa inatayarisha kwa siri: OGL 1.1. Watu walisoma, na moto ukawaka. Ndani yake mlikuwa mambo matatu mazito.

La kwanza: ruhusa ya mwaka 2000 haitakuwa tena yenye kukubaliwa. Wenye walijenga juu yake watapaswa kuhamia kwa mpya.

La pili: mwenye kuingiza zaidi ya dolari 750.000 kwa mwaka atalipa asilimia 25 juu ya kila dolari yenye inapita hapo. Na tangu dolari 50.000, angepaswa kupeleka hesabu zake kwa kampuni.

La tatu: kampuni itapata haki ya kutumia kile chenye mwandishi ameandika, milele, bila kumulipa kitu.

Tufanye hesabu ya lile la pili, maana watu wa kariere wanajua hesabu ya namna hii. Tuseme kampuni ndogo inauza vitabu kwa dolari milioni moja kwa mwaka. Juu ya 750.000, inabakia 250.000. Asilimia 25 ya hiyo ni dolari 62.500. Munaweza kusema: mwenye kuingiza milioni, 62.500 ni nini kwake? Lakini angalieni vizuri: asilimia inakatwa juu ya pesa yote yenye iliingia, si juu ya faida. Kuna kulipa muchapaji, mwenye kuchora, karatasi, usafirishaji. Kama kisha kulipa vyote hivyo inabakia faida ya dolari 60.000, basi huyo mtu amefanya kazi mwaka muzima na ametoka na deni ya 2.500.

PDG yeyote wa shimo anaelewa. Kama mtu anakuja kukata sehemu yake juu ya mfuko wenye ulipanda, mbele hamujaondoa chakula ya timu, mafuta ya pompe na miti ya kushikilia shimo, huyo hagawani na ninyi mapato. Anagawana na ninyi jasho, na hasara anawaachia peke yenu.

Na lile la tatu ni mbaya kupita. Ni sawa mutu akuambie: «Chimba hapa, uza kile unapata. Lakini siku yenye nitaona jiwe lako ni zuri, nitalichukua nami nitaliuza, na hautaniuliza kitu.»

Neno moja lenye halikuwemo

Sasa swali la msingi. Karatasi ya mwaka 2000 ilikuwa imesema ruhusa ni ya milele. Kampuni ilipata wapi nguvu ya kuiondoa?

Jibu liko ndani ya neno moja lenye halikuandikwa. Karatasi ilisema ruhusa ni ya milele, ya dunia yote, na bila malipo. Haikusema kama «haiwezi kuondolewa». Kwa mtu wa kawaida, kitu cha milele na kitu chenye hakiondolewe ni kitu kimoja. Kwa avoka, si hivyo. «Milele» inaweza kumaanisha paka kwamba hakuna tarehe ya mwisho iliyowekwa, na haizuie mwenye kutoa kurudia nyuma. Tena ndani ya karatasi ile ile mlikuwa maneno yenye kusema watu wanaweza kutumia namna yoyote ya ruhusa «iliyokubaliwa». Mavoka wa kampuni walishika lile neno «iliyokubaliwa» na kusema: basi tunaweza kusema kama ya zamani haikubaliwe tena.

Wengi, hata wale wenye walikuwa ndani ya kampuni wakati karatasi inaandikwa, walisema hiyo haikuwa nia yao. Lakini nia haikuandikwa, na mbele ya tribinali nia yenye haikuandikwa ni nzito kuipima.

Hapa Maniema hatuhitaji mwalimu wa somo hilo. Sheria ya mines ya mwaka 2002, yenye ilibadilishwa mwaka 2018, inasema mchimbaji wa mikono awe na carte yake, awe ndani ya coopérative, na achimbe ndani ya zone yenye Leta imetenga. Ni watu wangapi wanachimba ndani ya concession ya mwingine kwa ruhusa ya mdomo, ao kwa barua yenye inasema «munaweza kuendelea kwa sasa»? Hata zone iliyotengwa na Leta, sheria yenyewe imeacha mlango wa kuifunga. Kwa hiyo kila mara tunaporuhusiwa kitu, tuulize maswali mawili. La kwanza: naruhusiwa nini? La pili, lenye watu wanasahau: nani anaweza kuniondolea ruhusa hii, na kwa njia gani?

Wadogo walishinda namna gani?

Hawakuenda tribinali. Kwa watu wengi wao, avoka angekula pesa yote mbele ya siku ya kwanza. Walifanya mambo matatu kwa pamoja.

Kwanza, walipiga kelele kwa sauti moja. Barua ya wazi ilisainiwa na watu zaidi ya 60.000.

Pili, walifunga mfuko. Wizards walikuwa na huduma ya intaneti ya kulipia kila mwezi, D&D Beyond. Wachezaji walianza kufuta abonema yao, mmoja kwa mmoja, mpaka kampuni ikasikia baridi kwa kasha.

Tatu, na hili njo kubwa, walianza kujenga nyumba yao wenyewe. Tarehe 12 Januari, Paizo walitangaza kwamba watatengeneza ruhusa mpya, yenye haitakuwa mali ya kampuni yoyote, hata yao wenyewe. Waliipa jina ORC. Makampuni mengine yalijiunga haraka. Karatasi yake ya mwisho ilitoka kati ya mwaka ule wa 2023.

Kesho yake, tarehe 13 Januari, Wizards walianza kurudi nyuma. Tarehe 19 walileta karatasi nyingine, OGL 1.2, na wakauliza watu maoni yao. Zaidi ya watu 15.000 walijibu. Kati yao, watu 88 juu ya 100 walisema hawapende kutoa kitabu chini ya karatasi hiyo.

Tarehe 27 Januari, kampuni iliachilia. Na haikuachilia nusu. Ilisema OGL ya zamani itabakia vile ilivyo. Tena ilichukua kitabu kizima cha sheria za msingi, SRD 5.1, karibu page 400, ikakitia chini ya ruhusa nyingine kabisa: Creative Commons Attribution 4.0, yenye watu wanaita CC BY.

Na njo hapa kuna tofauti kubwa. Creative Commons si ruhusa ya Wizards. Ni ya shirika lenye halina kazi ya kuuza michezo, na ruhusa zake zilianza mwaka 2002. Ndani yake, neno lenye halikuwemo mwaka 2000 limeandikwa wazi: ruhusa haiondolewe, isipokuwa kwa mtu mwenye anavunja masharti yake. Kampuni yenyewe, hata ikibadilisha mkubwa kesho, hata ikiuzwa, haiwezi kurudi na karatasi mpya juu ya kitabu kile. Mlango ulifungwa kwa ndani, na ufunguo umetupwa mtoni.

Mwezi wa Aprili 2025, Wizards walitoa pia sheria za toleo jipya la mchezo, SRD 5.2, chini ya CC BY hiyo hiyo. Na kwa siye wa inchi zenye kusoma Kifaransa, kuna jambo la furaha: SRD 5.1 ilitolewa pia kwa Kifaransa mwaka 2023. Mtoto mwenye amemaliza masomo ya sekondari Punia anaweza kuisoma bila kujua Kiingereza.

Nini iko wazi, nini haiko wazi

Tusichanganye mambo. Watu wengi wanafikiri kwamba sheria za mchezo ni mali ya mtu sawa vile nyumba. Si hivyo. Katika inchi nyingi, sheria ya mwandishi inalinda maneno yenye ameandika na picha zenye amechora. Hailinde wazo, wala njia ya kufanya kitu. Njo maana hakuna mtu anawalipa mutu juu ya kucheza makarata. Bao la Zanzibar, omweso ya Uganda, igisoro ya Rwanda na Burundi, kisolo ya Waluba: zote ni mashimo na mbegu, zimetembea kutoka mtu kwa mtu, kila pahali pakaongeza sheria yake, na hakuna mtu alidai franga.

Kwa inchi yetu, haki za waandishi zinaongozwa na ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Ukitunga kitabu, maneno yako yanalindwa. Na maneno ya mwingine yanalindwa vilevile, hata akiwa Marekani.

Basi kama wazo la mchezo haliko mali ya mtu, ruhusa ya wazi inatumika nini? Inatumika kwa mambo mawili. Inakuruhusu kuchukua maneno yenyewe, mstari kwa mstari, na kuyatafsiri, bila kuanza kuandika page 400 upya. Na inakuondolea woga. Mdogo mwenye anaogopa barua ya avoka hachapishe kitu, hata kama haki iko upande wake.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Jina Dungeons & Dragons halikutolewa; ni alama ya biashara ya kampuni. Huwezi kulitia juu ya kitabu chako sawa jina lake. Picha zao hazikutolewa. Wanyama wa ajabu na watu fulani wa hadisi zao hawakutolewa. Na CC BY yenyewe inadai vitu: utaje nani aliandika, utaje ruhusa gani, useme kama umebadilisha, na usidanganye watu kwamba mwenye mali anakusimamia. Hiyo yote inaingia ndani ya mistari minne mwisho wa kitabu. Si bei kubwa.

Afrika ndani ya mchezo

Sasa tufike kwetu. Mwaka 2002, miaka miwili tu kisha ruhusa ya kwanza, kampuni ya Marekani Atlas Games ilitoa kitabu chenye jina Nyambe: African Adventures. Mwandishi ni Christopher Dolunt. Alitumia sheria zile za wazi, na juu yake akajenga inchi ya hadisi yenye kufanana na Afrika. Hata jina lenyewe munalisikia: Nyambe ni jina la Mungu katika lugha nyingi za Afrika ya kati, ndugu ya Nzambe wa Lingala. Mwaka 2020, studio Twin Drums ya Berlin ilikusanya pesa kwa watu ili itoe The Wagadu Chronicles, nayo ni dunia ya hadisi yenye mizizi ya Afrika, na kitabu chake kilisimama juu ya sheria za toleo la tano.

Hatusemi kwamba walifanya vibaya. Walifanya kazi, na wengi walifurahi kuona shujaa mweusi ndani ya mchezo wenye kwa miaka mingi ulikuwa wa majumba ya Ulaya. Lakini tujiulize: ruhusa ilikuwa wazi kwa dunia yote tangu mwaka 2000. Hadisi ziko hapa. Kwa nini waandishi wako kule?

Tunajua majibu. Intaneti ni ghali. Stima ni ya jenereta ao ya panneau. Barabara munaijua. Mtu mwenye amepanda kutoka shimoni na mgongo unauma hatafute avoka wa kumusomea ruhusa. Hayo yote ni kweli. Lakini kuna jibu lingine lenye hatupende kusema: hatukujua kwamba mlango uko wazi. Na kujua hakulipishwe sana.

Mtaona kwa mfano wa jirani zetu. Huko Walikale, kwa Wanyanga, kuna hadisi kubwa ya Mwindo, mtoto mwenye alizaliwa akitembea na kusema, na baba yake akamukataa. Mwaka 1956, mtoa hadisi Rureke aliisimulia kwa siku nyingi, na ikaandikwa. Mwaka 1969 ikatoka kitabu Marekani, kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, na huyu wa pili ni Munyanga mwenyewe. Maneno ya kitabu hicho, tafsiri yake na maelezo yake, ni ya waandishi na mchapishaji. Lakini Mwindo hakuzaliwa ndani ya kitabu. Mtoto wa Walikale mwenye amesikia hadisi hiyo kwa nyanya yake anaweza kuiandika kwa maneno yake mwenyewe, na hahitaji ruhusa ya Marekani.

Kijana wa Punia aanze wapi?

Tuseme kuna kijana, ao dada, mwenye anapenda kuandika. Sheria za Dungeons & Dragons zinaomba dadu za pande 20, 12, 8; huwezi kuzikuta kwa soko ya Punia. Lakini si huo mchezo peke yake uko wazi. Kuna mwingine, Fate, wa kampuni ndogo Evil Hat, na sheria zake ziko vilevile chini ya CC BY. Unaomba dadu nne tu, na ile ya ludo inatosha: ukipata 1 ao 2, unaondoa moja, 3 ao 4, ni sifuri, 5 ao 6, unaongeza moja. Unajumlisha zote nne, basi. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Sheria anazitafsiri kwa Kiswahili chetu, chenye tunasema nyumbani. Hadisi anaandika yake: kariere, mto, pori, mama mwenye kuuza chakula kwa mlango wa shimo, négociant mwenye mizani ya uongo. Anapiga fotokopi page 20. Kitabu kinatembea toka Punia mpaka Kasese ndani ya mfuko wa pikipiki. Wanaocheza hawahitaji stima wala réseau.

Tusidanganyane: hapo hakuna utajiri. Hata Marekani wengi wa waandishi hao wana kazi nyingine mchana. Lakini kuna kitu. Mtoto mwenye, ndani ya mchezo, ameshatoka shimo lenye maji mara kumi, na mara tatu akafa sababu alikataa kurudi nyuma, huyo amejifunza kitu chenye affiche ya usalama haikumufunza. Na mzazi mwenye anaongoza mchezo huo anaweza kusema mambo ya kazi yake yenye haseme siku nyingine.

Hatari yenye iko upande wa pili

Mbele ya kumaliza, neno moja kwa wazee na kwa vijana pamoja. Tulisifu ruhusa yenye haiondolewe. Lakini kisu hicho kinakata pande mbili. Siku yenye unatia hadisi yako chini ya CC BY, hauwezi kuirudisha. Mtu wa Paris ao Chicago anaweza kuichukua, kuibadilisha, kuiuza, na hatakupa franga. Atataja jina lako tu. Ukifikiri vizuri na ukakubali, ni sawa. Lakini usikubali bila kufikiri.

Na kuna mambo yenye hayako yako peke yako. Warega wana mambo ya Bwami: mithali, vitu na mafundisho yenye kupewa mtu kwa daraja yake, mbele ya wenye haki ya kuona. Kijana mwenye aliyasikia kwa bahati asiyatie ndani ya mchezo na kuyatolea dunia yote ruhusa ya milele. Hayakuwa yake ya kutoa. Hapo hakuna tribinali ya kuyarudisha, na wazee watakuwa wamenyang'anywa na mtoto wao wenyewe, si na mgeni.

Kwa hiyo njia ya akili ni hii. Sheria za mchezo, chukua za wazi. Hadisi zenye umetunga mwenyewe, amua wewe: unaweza kuzifunga, unaweza kuzifungua. Hadisi za jamaa yote, uliza kwanza. Siri za wazee, ziache pahali pake.

Wakubwa wa Marekani hawakurudi nyuma juu ya huruma. Walirudi sababu wadogo walisoma karatasi mpaka mwisho, walisimama pamoja, na walianza kujenga pao. Hayo matatu hayaombe dolari nyingi. Wiki hii, ninyi wenye muko na karatasi ya coopérative, ao barua ya mwenye concession, ndani ya sanduku, muitoe. Muipe mtoto mwenye anasoma Kifaransa vizuri, na mumwambie atafute neno moja: nani anaweza kuiondoa?